Mstari Mmoja na Aliyetoka Gerezani

Miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu mwezi huu ipo moja iliyotoka Muyinga, nami nimeisoma zaidi ya mara moja. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mke wa askari polisi. Anaeleza kwamba tarehe 5 Juni 2025, siku ya kuwachagua wabunge na madiwani wa tarafa, alikuwa kwenye mstari wa kupigia kura pamoja na mumewe, na mbele yao kidogo alisimama mwanamume ambaye mumewe huyo aliwahi kumkamata kwa wizi wa ng'ombe. Mwanamume yule alishtakiwa, akahukumiwa, akafungwa, akatoka. "Baba watoto amekesha usiku mwingi akilinda mali za watu," anaandika mama huyo, "na yule aliyeziiba anapewa karatasi ileile, yenye uzito uleule. Nisaidie kuelewa, ndugu mwandishi: mtu akishaivunja sheria ya nchi, kwa nini sheria hiyohiyo iendelee kumtunzia haki zake?"

Swali hili si la chuki, wala si geni. Linaulizwa Nairobi na Dar es Salaam, linaulizwa London na Washington, na majaji wenye mvi wametofautiana juu yake. Kwa maoni yangu mama yetu amekosea katika jambo moja na amepata katika jambo jingine. Na kwa kuwa lile alilolipata ndilo gumu zaidi, nitalichelewesha kidogo.

Tuanze na kinywa cha hakimu. Hakimu anaposimama kortini Gitega akatamka, "Kifungo cha miaka mitano," ametwaa nini kwa mtu yule? Ametwaa uhuru wake wa kwenda na kurudi. Hatalima shamba lake, hatalala nyumbani kwake, hatakwenda harusini wala matangani. Hayo ni mengi, tena mazito; anayeyadharau hajawahi kuona mlango ukifungwa kwa nje. Lakini hakimu hakusema mtu yule asitibiwe akiugua. Hakusema asiswali wala asisali. Hakusema asione watoto wake, asikate rufaa, apigwe, au afe. Na kama hakusema pia kwamba mtu huyo amekoma kuwa raia, basi sisi tuliobaki nje tumepata wapi mamlaka ya kuisemea hukumu maneno ambayo haina?

Ni kweli kwamba Katiba yetu, iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018, inawataja wapiga kura kuwa Warundi waliotimiza miaka 18 wenye kufaidi haki zao za kiraia na za kisiasa. Maneno hayo ya mwisho yana maana. Yanaonyesha kwamba haki hizo zaweza kuondolewa kwa njia ya sheria. Lakini Katiba hiyohiyo inasema kwamba mikataba mikubwa ya haki za binadamu ni sehemu yake, na mmoja wa mikataba hiyo ni ule wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao tarehe 9 Mei 1990. Mkataba huo unadai kila aliyenyimwa uhuru atendewe kwa utu, na shabaha ya gereza iwe kumrekebisha mtu na kumrudisha katika jamii. Mwaka 1996 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilifafanua kwamba nchi ikitaka kumsimamishia mtu kura kwa sababu ya hukumu, kipindi hicho lazima kilingane na uzito wa kosa na wa adhabu. Na kwamba aliyewekwa ndani bila ya kuhukumiwa asinyimwe kura kabisa. Nalitilia mkazo hili la mwisho, kwa sababu katika magereza yetu idadi ya mahabusu wanaosubiri kesi ni kubwa mno, na huku mitaani tunawaita wote kwa jina moja tu: wafungwa.

Majina yana nguvu. Sheria yetu ya adhabu, ambayo tulirithi lugha yake kutoka kwa Wabelgiji, hukiita kifungo servitude pénale. Ukiyafasiri maneno hayo neno kwa neno utapata "utumwa wa adhabu". Najua wanasheria watanicheka na kuniambia kwamba hiyo ni istilahi tu. Hata hivyo mimi niliyesomea ualimu nimejifunza kwamba mtoto unayemwita mjinga kila asubuhi, jioni atakuwa amekuamini. Kule Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyemo humo huitwa mwanafunzi. Sidai kwamba kuta za Zanzibar ni laini kuliko za Gitega au za Muyinga. Lakini mwanafunzi anatarajiwa kuhitimu na kurudi kwao. Mtumwa hatarajiwi kurudi popote.

Sasa tuingie Gitega kwenyewe. Tarehe 7 Desemba 2021, kabla ya mapambazuko, moto ulizuka katika gereza kuu la mji huu. Makamu wa Rais, Ndugu Prosper Bazombanza, alifika na kutangaza kwamba watu 38 wamekufa na 69 wamejeruhiwa vibaya. Gereza hilo lilikusudiwa watu 400; siku ile lilikuwa na zaidi ya 1,500. Tafakari nyumba yako ya vyumba vitatu, unamoishi na mkeo na watoto, kisha uwaingize jamaa wa nyumba nyingine tatu walale humo, mlango ukiwa umefungwa. Askari wengi wa mji huu walibeba majeruhi mikononi mwao asubuhi ile, nao hawahitaji kusimuliwa nami.

Katika wale 38 hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kutekelezewa hukumu ya kifo. Nchi yetu ilikwisha kuifuta adhabu ya kifo katika sheria ya tarehe 22 Aprili 2009. Wazee wa Gitega wanakumbuka Januari 1963, pale watu watano waliponyongwa hadharani katika mji huu kwa ajili ya kuuawa kwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Tangu kamba ile hadi sheria ya 2009 taifa lilitembea mwendo mrefu wa miaka 46. Na bado watu waliohukumiwa miaka, wengine waliokuwa hawajahukumiwa kitu, walipoteza maisha yao wakiwa mikononi mwa sheria.

Sisemi kwamba karatasi ya kura ingezima moto. Nasema jambo la kawaida ambalo kila karani aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa fedha analijua. Shule ina wazazi wa kuidai. Soko lina wafanyabiashara. Barabara ina madereva, na madereva wana sauti kubwa. Gereza lina nani? Mgombea anayetafuta kura huenda Shatanya, huenda Magarama, hupita sokoni akishikana mikono na wauza ndizi. Hana sababu hata moja ya kugonga lango la gereza. Siku atakapokuwa nayo, ataona mwenyewe idadi ya watu waliomo katika chumba kimoja, na akifika kwenye kikao atakuwa na la kusema. Ndiyo maana ninaamini kwamba kura ya mfungwa si zawadi kwa mfungwa. Ni dirisha kwetu sisi tulio nje.

Majirani zetu wamekwisha kulihangaikia jambo hili, na kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 2010 Kenya ilikuwa inajiandaa kwa kura ya maoni juu ya Katiba mpya. Mwanasheria Priscilla Nyokabi Kanyua alifungua shauri kwa ajili ya wafungwa. Katiba ya zamani iliwazuia wafungwa katika uchaguzi wa Rais na wa wabunge, lakini juu ya kura ya maoni ilikuwa kimya. Korti ikasema kwa muhtasari hivi: kisichokatazwa hakikuondolewa. Wafungwa wakapiga kura tarehe 4 Agosti 2010, na katika Katiba iliyopita siku hiyo, kosa la jinai linalomfungia mtu daftari la wapiga kura ni moja tu, yaani kosa la uchaguzi wenyewe, tena kwa miaka mitano. Tarehe 8 Agosti 2017 wafungwa wa Kenya walimpigia kura Rais kwa mara ya kwanza, na zaidi ya 5,000 walikuwa wameandikishwa. Kwa wabunge na madiwani hawakupiga, nami naona busara yake: mtu wa Kisumu aliyefungwa Mombasa asiwachagulie watu wa Mombasa diwani wao.

Tanzania walipita njia nyingine. Katiba yao inaruhusu Bunge kumzuilia mtu kura kwa kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Sheria ya uchaguzi haikuchagua makosa; ilisema tu kwamba yeyote mwenye kifungo kinachozidi miezi sita asiandikishwe. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliona kwamba sheria hiyo imechota zaidi ya ilichoruhusiwa na Katiba. Hata hivyo mwaka 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoweka vituo vya kuandikisha magerezani, ilikuwa kwa mahabusu na kwa wafungwa wasiozidi miezi sita, kana kwamba kesi haikusikilizwa. Uganda, Juni 2020, Mahakama Kuu ilisema wafungwa wana haki ya kupiga kura. Uchaguzi wa Januari 2021 ukapita bila wao kupiga. Kwa hiyo, mama yetu, usidhani kwamba jambo hili huishia pale jaji anapogonga meza. Haki bila daftari, bila sanduku na bila karani wa kuvibeba, hubaki kwenye karatasi.

Marekani ndiko walikokwenda mbali zaidi upande wa pili. Huko kila jimbo lina sheria yake. Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa ndani. Kwingineko mtu aliyekwisha kutoka huendelea kuzuiwa kwa miaka. Katika jimbo la Florida wananchi walipiga kura Novemba 2018 kuwarudishia haki hiyo waliomaliza adhabu, isipokuwa waliohukumiwa kwa mauaji na kwa makosa ya ngono. Mwaka uliofuata wabunge wakaongeza sharti kwamba kwanza faini na gharama za korti zilipwe zote. Hapo ndipo utakapoona ubaya wa kuiacha adhabu bila mwisho. Tajiri na maskini wametenda kosa moja, wamefungwa muda mmoja, lakini mwenye fedha anarudi kuwa raia mapema.

Nimefikia lile ambalo mama wa Muyinga amelipata. Barua yake ina sentensi moja niliyoiruka hapo juu kwa makusudi: "Kesho yule atagombea, naye atatuongoza sisi." Hapa hatuzungumzii tena kuchagua, tunazungumzia kuchaguliwa na kushika madaraka. Haya si mambo yaleyale, na wengi wanaoyachanganya hukosa pande zote mbili. Kura ni sauti ya mtu juu ya mambo yake. Madaraka ni dhamana juu ya mambo ya wengine. Mtu aliyehukumiwa kwa kula fedha za tarafa, sioni dhuluma yoyote akizuiwa kushika funguo za sanduku la tarafa. Aliyehukumiwa kwa kuwaumiza watoto asirudishwe mbele ya darasa. Nitasema zaidi: hata mabaraza ya bashingantahe, yaliyojengwa juu ya kupatanisha, yalimtaka aliyekosa alipe fidia, na mara nyingi pombe ya upatanisho ikanywewa na wote waliogombana, kisha mtu akarudi kukaa na wenzake, lakini mushingantahe aliyeiuza haki yeye alipoteza kiti. Wazee wale walijua kutofautisha mkeka wa kukalia na kiti cha kuhukumia.

Ila hata hapo ninadai mambo mawili. Katazo lifuate kosa, lisifuate mtu. Mwizi wa ng'ombe ana uhusiano gani na udereva au ualimu wa watu wazima? Na katazo liwe na tarehe ya mwisho, itamkwe kortini, mshtakiwa akiwa amesimama na kusikia, ili aweze kulikatia rufaa kama anavyokatia kifungo.

Historia ya eneo letu inatuonya. Tarehe 8 Aprili 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka saba ya kifungo na kazi ngumu kule Kapenguria. Mwaka 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, naye akaachiliwa, lakini sheria ya wakoloni ilimzuia kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mtu yeyote aliyewahi kupewa kifungo cha zaidi ya miaka miwili. Ilibidi sheria ibadilishwe, na Kariuki Njiiri akamwachia kiti chake cha Fort Hall, ndipo mzee akaingia barazani Januari 1962. Miezi kumi na saba baadaye akawa Waziri Mkuu. Na Nelson Mandela? Alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964. Alipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake tarehe 27 Aprili 1994, akiwa na miaka 75. Mtu huyohuyo ndiye aliyepokea kazi ya usuluhishi wa Burundi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Katika mwaka huo aliingia gereza la Mpimba, Bujumbura, na aliyoyaona humo hayakumpendeza. Nani kati ya wasuluhishi wote wa dunia aliijua harufu ya chumba kile kama yeye?

Najua atakayesema: mwizi wa ng'ombe si Mandela. Kweli kabisa. Lakini sheria haiandikwi kwa jina la mtu. Kifungu kinachomfungia mlango mwizi ndicho kitakachomfungia mwingine, na siku ya kukiandika hujui nani atapita.

Kabla ya kuja ofisini Gitega nilifundisha katika shule moja ya msingi mkoani Muyinga, kabla mikoa haijapangwa upya. Mwaka mmoja darasa la tano lilipochagua kiongozi wake, mvulana mmoja alipendekezwa, na mara sauti ikatoka nyuma: "Huyo baba yake yuko gerezani!" Darasa zima likataka jina lifutwe ubaoni. Niliwauliza nani kati yao aliyemwona mvulana yule akiiba. Kimya. Jina lilibaki ubaoni. Hakushinda, alipata kura tisa, nami sikuona haja ya kumsaidia kushinda. Hakuna Katiba inayomwahidi mtu ushindi. Nilichokikataa ni kufutwa. Watoto wa miaka kumi na moja walikuwa tayari na sheria yao ya kunyang'anya haki, tena kali kuliko ya Bunge lolote, kwa kuwa iliwafikia hata wasiozaliwa wakati wa kosa. Waliitoa wapi, kama si kwenye mazungumzo yetu ya mezani?

Ninyi wasomaji wa kambini na wa vituo vya polisi mnaelewa zaidi yetu maana ya haki iliyopunguzwa. Hamruhusiwi kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Si kwa sababu mmekosa, bali kwa sababu mmekabidhiwa silaha za watu wote. Haki hiyo imekatwa kwa sababu inayotajwa, na mpaka wake unaonekana. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa askari hana chama, basi asitibiwe, au mkewe asisikilizwe ofisini. Ninachoombea wafungwa ni kipimo hichohicho.

Na mwenye ng'ombe? Barua nyingi za aina hii humsahau, hata ile ya mama yetu, ijapokuwa mumewe ndiye aliyemhangaikia. Mwenye ng'ombe anadai ng'ombe wake, au thamani yake, na usalama wa zizi lake. Hayo ndiyo korti iyafuatilie kwa ukali. Kumnyang'anya mwizi kura hakumrudishii mwenye mali hata kwato moja.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Wapo pia watakaonijibu kwa samaki mmoja aliyeoza. Lakini samaki akishaoza haponi, na katika watu zaidi ya 5,000 waliotolewa kwa msamaha wa Rais mwaka 2021, bila shaka wamo wanaolima leo karibu na nyumba zetu, na tunanunua maharage yao bila kujua.

Uchaguzi wa Rais unatarajiwa mwaka 2027. Kwa hiyo neno kwa akina mama wenye mume, mtoto au kaka aliye ndani, Gitega au Muyinga. Ulizeni leo karangamuntu yake iko wapi. Mara nyingi hupotea siku ya kukamatwa, katika mfuko wa suruali au kwenye droo ya ofisi fulani, na mtu anatoka gerezani akiwa hana cha kumtambulisha. Ikipatikana, iwekeni pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na panya na mvua. Siku ya kutoka, karatasi ya kuachiliwa iingie katika kopo hilohilo. Msiikunje mara nne, kwa maana wino hufutika kwenye mikunjo. Na daftari la wapiga kura litakapofunguliwa kwenye kilima chenu, aende mapema, asubuhi, pamoja na majirani.